Mama Mudogo wa Kasomeno

Élisabethville, 17 Januari 1955

Mama Mwape,

Usishtuke kupata barua ya mtu usiyemjua. Mtoto ni mzima wa mwili. Nakuambia hilo kwanza ili mengine uyasome kwa utulivu.

Mimi ni Adolphine Kabedi. Nilisoma miaka miwili katika foyer social, nyumba ya kuwafundisha wanawake, na tangu Septemba nimewekwa katika shule ya wasichana ya masista, hapa katika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba. Sifundishi darasa. Kazi yangu ni mpya, hata walimu wenzangu wanaicheka. Ninakaa na watoto waliokwama, wale wanaolia bila kupigwa, wanaosinzia kutwa, wanaotoroka masomo. Ninawasikiliza, kisha ninakwenda kwao kuona wanaishi vipi. Madame, assistante sociale wa kambi, yule mzungu anayeangalia hali ya familia, anasema kazi hii ikifaulu kwetu itapelekwa hata shule nyingine.

Nakuandikia kwa ajili ya Constance, binti wa marehemu dada yako. Alipofika kwetu alikuwa msemaji, Masœur, sista wa darasa lake, alimhamisha kiti mara kwa mara kwa sababu ya maneno mengi. Tangu Novemba hasemi kabisa, si darasani, si nyumbani. Anasikia, anaandika vizuri, hesabu zake ni safi. Ukimuuliza kitu anakutazama mdomo kama anayengoja wewe umalize uende zako. Daktari wa kambi amemtazama koo, hakuona kitu.

Baba yake, Stanislas, anasema mtoto atachoka mwenyewe kunyamaza. Brigitte, mke wake, ndiye aliyeniambia kwamba yuko ndugu wa marehemu huko Kasomeno, anayewatumia samaki kavu, na kwamba wewe unajua kusoma. Basi ninakuomba unisaidie. Dada yako alikufa vipi? Constance alikuwapo? Aliona maiti? Alilia siku ile, au alinyamaza?

Ninayekuheshimu,
Adolphine Kabedi

*

Kasomeno, 2 Februari 1955

Kwa Mamzele Adolphine,

Barua yako ilifika na kamyo, ile lori ya Mugiriki mwenye duka. Niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Nilifundishwa kuandika ku misioni wakati nilikuwa mutoto, lakini mukono yangu sasa imezoea kupasua samaki, basi unisamehe hii maandiko.

Unaniuliza mambo ya kifo. Tuyaache kwanza. Niambie weye. Constance anakula? Anamaliza bukari, ugali yake, ao anaacha? Nani anamusuka nywele? Alikuwa na jino moja ya juu ilikuwa inatikisika, ilitoka? Akishikwa na homa musimupe chai, anaitapika. Mumupe maji ya moto na ndimu, atakunywa kidogo kidogo. Hapendi kulala upande wa ukuta, muwambie Brigitte.

Mama yake alikuwa muntu ya kucheka sana, njo ile tu naweza kukuambia. Mutoto hakuona maiti. Hakulia.

Haponi namna gani, na banamupeleka kwa daktari? Ao hamumuulizi vizuri? Miye hata nikimwambia anyamaze alikuwa hanyamazi.

Mwape

*

Élisabethville, 21 Februari 1955

Mama Mwape,

Asante kwa barua. Jino lilitoka kabla ya Noeli. Brigitte anamsuka kila Jumamosi, na amemhamisha kitanda kutoka ukutani. Anakula, lakini samaki hagusi.

Constance na mimi tunakaa pamoja kila alasiri katika chumba cha ramani na mafagio. Nimempa sindano za kufuma, tunafuma soksi. Simuulizi kitu. Siku nyingine mimi ndiye ninayesema, ninamweleza habari za Luluabourg, kwa wazazi wangu. Anasikiliza. Juzi nilikosea mshono, akaichukua kazi yangu mkononi, akaifumua, akaniandalia upya. Hiyo ndiyo hatua tuliyofika.

Sasa nimejua ilivyoanza. Masœur wa darasa lake alinisimulia bila kuona ubaya wowote. Siku ya Marehemu Wote aliwaita mbele wasichana waliofiwa na mzazi, kila mmoja ataje jina la mtu wake, na darasa lipige magoti limwombee. Constance alikuwa wa mwisho. Ilibidi aambiwe tena. Akasema, "Mwape." Wenzake wakaitikia raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Tangu pale hajasema neno lingine.

Jina hilo ni lako, Mama. Je, kwenu dada wawili wanaweza kupewa jina moja? Nauliza tu, kwa sababu sisi Baluba wa Kasai hatufanyi hivyo.

Kuna jambo baya. Mzungu mmoja anayepima akili za watoto alipita shuleni na vipande vyake vya mbao. Constance alivipanga vyote sawa, lakini hakujibu swali hata moja, naye akaandika kwamba akili yake ni dhaifu. Asiposema mpaka Pasaka, kiti chake atapewa mwingine. Wazazi wanaongoja nafasi ni wengi.

Adolphine

*

Kasomeno, 3 Machi 1955

Mamzele Adolphine,

Hapana, kwetu dada babili habapewe jina moja. Tena miye sina dada. Mama yangu alizala miye na kaka yangu tu. Mwape ni miye. Constance ni mutoto ya tumbo yangu.

Umejua sasa, basi kaa chini nikuelezee mupaka mwisho.

Stanislas alikuja huku wakati balikuwa banatengeneza barabara ya Kasenga. Alitoa mali kwa bajomba yangu, tukaikala bibi na bwana, Constance akazaliwa. Kisha akapata kazi ku kiwanda ya shaba. Akaenda mbele, akasema nitamufuata akipewa nyumba. Nyumba haikutoka. Ndugu zake ba kule kwabo Kabongo bakamuletea Brigitte, muntu ya kwabo, Padri akafungisha ndoa, nyumba ikatoka. Nilikasirika mwaka muzima, kisha nikachoka.

Kambi inajua bibi moja tu. Mutoto ya bibi mwingine hana fasi mu nyumba, hana fasi mu masomo. Lakini mutoto yenye mama yake alikufa, baba anaweza kumuleta, ile bazungu banaikubali. Huku kwetu masomo ya mabinti inaishia mwaka wa pili, na Constance alikuwa amekwisha kunipita miye kusoma. Basi Stanislas na Brigitte balikuja, tukaikala pa baraza yangu, tukakula pamoja, tukapatana kama nilikufa.

Hakuna muntu alinilazimisha. Miye njo nilimufundisha mutoto. Tulikuwa tunangoja kamyo, nikamuuliza, "Mama yako iko wapi?" Akasema, "Iko hapa." Nikamupiga kidogo ku mukono. Nikamuuliza tena na tena, mupaka akajibu vizuri, "Alikufa na homa." Kisha akaniuliza kama ile homa ilikuwa inauma. Nikacheka. Nikamwambia ni maneno ya mudomo tu, ni muchezo.

Sikujua kama batapiga magoti.

Ukisema, Stanislas anafukuzwa, pamoja na Brigitte na batoto babo badogo, na Constance anarudi huku kulima muhogo. Usiposema, mutoto yangu anabaki bubu. Miye sioni njia. Weye ulisoma, uangalie.

Mwape, mama yake

*

Élisabethville, 14 Machi 1955

Mama Constance,

Barua yako nimeisoma, nikaitia motoni.

Nilikwenda kwa Stanislas alipotoka kazini. Nilipomwambia kwamba ninajua, alifunga mlango kwanza. Nilitazamia hasira. Alikaa tu kwenye kiti, bado ana vumbi la kiwanda kichwani, akasema kwa sauti ndogo, "Mamzele, miye siko muntu mubaya. Nilikuwa na bibi babili na kambi inajua moja. Ulitaka nifanye nini na ile mwingine?" Akanisihi nisiandike. Shefu wa kambi amekwisha kuwaondoa watu wawili mwaka huu kwa kudanganya juu ya wake zao, na mmoja wao alikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta.

Brigitte alinifuata mpaka kwenye bomba la maji. Nilikuwa nimemdhania vibaya. Alinieleza kwamba tangu Novemba, samaki unaowatuma wakifika, Constance anatoka nje. Siku moja alimwekea kipande kwenye sahani, mtoto akaenda kutapika nyuma ya nyumba. "Hasemi sababu," Brigitte akaniambia, "lakini miye naona. Anaogopa chakula yenye inatoka kwa muntu alikufa."

Mama, mtoto wako anaamini kwamba neno lake limekuua. Wewe ulimwambia ni mchezo, lakini Masœur aliupokea kuwa kweli, darasa zima likaupokea, likamwambia Mungu. Sasa anaogopa kila neno linalotoka mdomoni mwake. Nilimnong'oneza kwamba u hai, kwamba nimepata barua yako. Akanitazama kama anavyowatazama wote. Mimi ni mtu wa shule, na shule ndiyo iliyokuombea.

Kabla ya Pasaka ni lazima nimwandikie Madame ripoti. Nilipopewa kazi hii niliapa kuandika kila ninachokiona nyumbani mwa watu. Wakati ule nilifikiri ni kwa ajili ya kuwasaidia. Sasa nikiandika kweli ninaivunja nyumba, na nisipoandika ninampoteza mtoto. Nimezunguka pande zote, sioni mlango.

Umebaki mmoja, nao ni mwembamba. Nimemwomba Madame ruhusa ili mama mudogo wa mtoto aje amwone. Amelipenda sana wazo hilo, anasema ndugu wa marehemu atamliwaza. Karatasi ya njia, kibali cha kusafiri, iko ndani ya bahasha hii. Utaingia kwa lango la shule mchana, Madame na Masœur Directrice, mkuu wa shule, watakuwapo. Hutaweza kumwita mwanangu. Hutalia kupita kiasi. Lakini atakuona umesimama kwa miguu yako.

Ninajua ninakuomba jambo gumu.

Adolphine

*

Kasomeno, 22 Machi 1955

Adolphine,

Nitakuja. Mbula imekata barabara pale mutoni, madereva banasema juma ijayo itapitika. Kaka yangu anasema niende na bajomba, tumuchukue mutoto kwa nguvu. Nimemwambia anyamaze.

Nimejifunza mu njia ya kisima, "Miye ni mama yake mudogo." Inatoka.

Mwape

*

Élisabethville, 3 Aprili 1955

Kwa Mwape,

Nakusalimu. Constance anasema. Nilirudi ku kazi nikamukuta anagombana na mudogo wake juu ya kijiko, nikatoka inje nikaikala pa ngazi. Asante kwa vile ulikuja.

Lakini usirudie tena. Shefu wa kambi alikuona pa lango. Aliniita ku biro, ofisi yake, akaniuliza kama mama mudogo anaweza kufanana na mutoto vile, hata kutembea kwake. Nilimujibu kama marehemu na weye mulikuwa mapacha. Aliandika. Sasa hiyo nayo ni lazima tuishike.

Brigitte anakusalimia. Samaki tuma tu kama zamani.

Stanislas

*

Élisabethville, 6 Mei 1955

Mama Mwape,

Nimerudi kukuita hivyo, hata katika barua anayobeba dereva mkononi, kwa kuogopa nitajisahau siku moja mbele ya watu. Usinifikirie vibaya.

Uliondoka upesi, hukuona yaliyofuata. Kengele ilipolia, Constance alirudi darasani akakaa. Masœur alipouliza nani atasoma, aliinua mkono. Alisoma ukurasa mzima, sauti imekwaruza kama ya mtu aliyetoka kuugua, na hakuna aliyecheka. Juma lile lile aliadhibiwa kwa kuongea na jirani yake. Amekula samaki. Yule mzungu wa vipande vya mbao amerudi na kufuta aliyoyaandika. Kiti chake ni chake.

Ripoti nimeiandika. Nimesema mtoto alishikwa na huzuni ya marehemu mama yake, na kwamba kuonana na ndugu wa marehemu kumemrudishia sauti. Madame aliisoma mbele ya wageni waliotoka Léopoldville. Walinipongeza kwa kunishika mkono. Wameamua kazi hii ianze katika shule tatu nyingine baada ya likizo, na mimi nimepewa wasichana wawili niwafundishe, Simone na Agnès.

Jana Simone aliniuliza, "Mutoto akikuambia neno yenye itavunja nyumba yabo, unaandika?" Nikamjibu unaandika yote, ndiyo sheria ya kazi. Akainama akanakili nilivyosema. Nilitazama mkono wake unavyokwenda kwenye karatasi, nikaona aibu. Nilitaka kumwambia afute. Madame alikuwa amekaa nyuma yetu.

Tangu hapo najiuliza ninawatuma wasichana hawa wakafanye nini katika nyumba za watu. Nikiacha kazi, atawekwa mwingine asiyejua kunyamaza. Nikibaki, ni hivi.

Constance bado anakuja katika chumba cha mafagio, ingawa hana haja tena. Anasema mambo yote, hesabu, marafiki, Brigitte. Nikikutaja wewe, anageuza maneno.

Nina swali. Siku ile nilimvuta Madame twende tukaone mashine za kushona, ili mbaki wawili barazani. Niliporudi ulikuwa umesimama langoni, ukapanda kamyo bila kuniaga. Mlizungumza nini?

Halafu, likizo ndefu inakuja mwezi wa saba. Madame atatoa ruhusa mtoto aende kwa mama mudogo. Stanislas anasita. Wewe wataka?

Adolphine

*

Kasomeno, 19 Mei 1955

Adolphine, ndugu yangu,

Unisamehe vile nilienda bila kuaga. Ningefungua mudomo pale pa lango, sijui ni nini ingetoka.

Uliona vile alinikaribia. Bote mulifikiri ananishika mukono tu. Hapana. Alitafuta ile kovu ya kisu pa kidole yangu, akaibonyeza na ukucha mupaka ikaniuma. Nikasema "aï". Alipimia pale kama ni miye. Basi njo akasema, "Mama mudogo, umekuja." Madame akapiga makofi. Masœur akafanya alama ya musalaba. Miye nilimushukuru Mungu, na palepale nilitaka kumupiga.

Ulipoenda na Madame, nilimuvuta karibu. Nikasema naye mu Kibemba, luga yetu ya nyumba, nikamwambia hapa hakuna muntu, niite sasa. Aliangalia mulango. Aliangalia dirisha. Akanijibu mu Kiswahili, polepole, "Mama mudogo, batasikia."

Nikamwambia, hata kwa sikio yangu tu. Akakataa na kichwa. Akatoa kitambaa yake ya masomo, akanipangusa machozi, akaniuliza kamyo yangu inaenda saa ngapi, nisichelewe. Ana miaka tisa, Adolphine. Njo ile tulizungumza.

Kaka yangu anasema nimurudishe, kwa sababu kwetu mutoto ni ya mama na bajomba, na hakuna shefu wa kambi anaweza kubadilisha ile. Nilifikiri juma nzima. Nilienda hata kuuliza kamyo. Lakini nilimuwaza amekaa hapa karibu yangu na kisu, anapasua samaki, ananiita mama kutwa muzima, na vitabu vimebaki kule. Nikarudi nyumbani. Abaki mupaka apate diploma yake.

Madereva ba Mugiriki banalala mu kambi yenu, banasema mingi. Kwa sababu ya ile, hata hapa Kasomeno nimeanza kusema niko na mutoto ya dada yangu anasoma Élisabethville. Bajirani balinijua na mimba yake. Bananiangalia, kisha banaitikia, "Ee, mutoto ya dada yako, anaendelea muzuri?" Siku ya kwanza neno ilinikwama. Sasa inatoka yenyewe.

Juu ya kazi yako sina shauri. Nilikasirika nawe mu kamyo, njia yote. Kisha nikakumbuka weye njo ulimuona, wengine bote balikuwa banangoja achoke. Ubaki. Ile Simone, siku mukiwa babili, umwambie.

Mwezi wa saba umutume. Mwambie Stanislas asiogope, nitatembea nyuma ya mutoto, si pembeni yake, basiangalie mwendo yetu. Kamyo inasimama mbele ya duka ya Mugiriki, nitakuwa pale tangu asubuhi. Usimufundishe kitu mbele ya safari. Usimwambie huku aniite namna gani. Nami sitamuomba tena, hata tukiwa babili, mulango imefungwa, mbula inapiga juu ya manyasi ya nyumba na hakuna muntu anasikia. Vile ataniita, nitaitika.

Mwape